Wanaharakati wa wanyama na mkanda wangu wa ngozi

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu maadili ya wanaharakati wa haki za wanyama imenishinda. Nakala ninayo hapa, nimeipigia mistari mpaka imechanika.

Mwandishi wenu anasema watu hao wanaunganishwa na huruma. Picha moja ya mnyama anayeteswa humshtua mtu, na kesho yake amebeba bango. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwanasosholojia James Jasper aliyaeleza vizuri chini ya jina la mshtuko wa kimaadili, na mimi mwenyewe niliingia kwa mlango huo, kwa picha ya nyani aliyebanwa kichwa kwenye chuma cha maabara. Nyama sijala tangu siku ile. Lakini mshtuko hukufikisha mlangoni tu. Ukishaingia, kinachokushikilia ni macho ya wenzako: umevaa nini, umetamka nini, umeonekana na nani. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kwamba kundi linapoabudu totemu yake, yaani alama yake takatifu, kwa kweli linajiabudu lenyewe. Hakuwa akizungumzia wanaharakati, ila angehudhuria mikutano yetu miwili tu, sidhani kama angetuacha nje ya kitabu.

Jioni moja nilifika mkutanoni na boksi. Ndani mlikuwa na paka niliyemwokota njiani, amegongwa na gari, mguu wa nyuma unaning'inia. Nilichotaka ni mtu mwenye gari. Nikasema, "Simjui mwenye paka huyu, lakini..." Sikumaliza. Dada mmoja akasimama kunikosoa kwamba mnyama hana mwenyewe, ana mlezi. Mwingine akadakia kwamba hata mlezi ni neno la kumdhalilisha, tuseme mwenzi. Mwenyekiti naye, badala ya kuchungulia boksi, akafungua mjadala! Dakika arobaini, Mhariri, watu wazima wanapokezana kipaza sauti kutafuta jina la uhusiano wa mtu na paka, na paka mwenyewe yuko chini ya meza analia, sauti ikizidi kufifia. Nilipoinuka mara ya tatu kuomba gari, mtu wa mstari wa mbele akauona mkanda wangu. Ni wa ngozi. Niliununua kabla sijajiunga, na sikuona kama ng'ombe yule angefufuka nikiutupa. Basi hapo paka akasahauliwa kabisa. Nikaambiwa ama niuvue ama nitoke. Nikatoka, mkanda kiunoni, boksi mkononi. Aliyetufikisha kwa daktari wa mifugo ni kijana aliyeleta viti vya kukodi, ambaye alikuwa nje akisubiri mkutano uishe avipakie. Paka alikatwa mguu, akapona. Kwa mizani ya ukumbi ule, kijana yule hakuwa na maadili ya kutosha hata kuketi kwenye viti vyake mwenyewe.

Nyani haoni kundule, husemwa. Nyani aniwie radhi, maana yeye hajawahi kunidai mkanda.

Kisha mwandishi wenu anadai harakati hizi zilizaliwa miaka ya 1970 na maandishi ya mwanafalsafa Peter Singer. Jamani! Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mbunge Richard Martin mwaka 1822, ya kuwakinga farasi, ng'ombe na kondoo, na chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kikaundwa London mwaka 1824. Angechimba hapo, angepata taarifa yenyewe. Mwaka 1835 sheria ikapiga marufuku kupiganisha majogoo na kuwachokoza mafahali kwa mbwa, michezo iliyopendwa sana na watu wa chini. Mbweha aliyekimbizwa na mabwana juu ya farasi, kwa England na Wales, alingoja mpaka sheria ya mwaka 2004. Miaka 169! Ina maana muda wote huo mbweha alikuwa haumii? Au ukatili huonekana upesi zaidi ukiwa mikononi mwa asiye na cheo, kama dhambi ya ngozi inavyoonekana upesi kwenye kiuno cha mwanachama asiye na rafiki kwenye kamati?

Na maadamu kalamu bado ninayo: acheni kuandika "mbwa hizo" na "paka ilipatikana". Wanaharakati wanaotumia Kiingereza wamebishana miaka mingi kama mnyama aitwe kwa neno la kitu au la mtu. Kiswahili kilishamweka mnyama pamoja na mtu katika ngeli moja, bila mkutano na bila kipaza sauti, halafu ninyi wenye gazeti mnamtoa.

Dawa ninayo. Mtumeni mwandishi yuleyule mkutanoni, bila kamera. Akae karibu na mlango, avae mkanda wa ngozi (wangu nitamwazima, una matundu matano) na ashike saa ya kupimia mbio. Ahesabu dakika zinazotumika kumzungumzia mnyama mmoja aliye hai, na dakika zinazotumika kumsema mwanachama ambaye hakuhudhuria. Namba hizo mbili zichapwe ukurasa wa mbele. Boksi aje nalo mwenyewe.

Mwanachama wa zamani