Wito wa harambee: Tuwatunze wapigaji wa kesho wa taarab ya Tanga

Ndugu zetu wana Tanga, mlio nyumbani na mlio mbali, pamoja na wapenzi wote wa muziki wa pwani, tunawasalimu kwa heshima.

Sisi ni kikundi cha wapigaji na wanafunzi wa muziki tunaokutana Ngamiani kila Jumamosi jioni. Tunawaandikia kuwaomba mchango ili tununue vyombo vya kufundishia, tukodi ukumbi wa mazoezi kwa mwaka mzima, na tuandae onyesho moja kila mwezi ambalo mkazi yeyote wa jiji hili ataingia bila kiingilio.

Anayedhani kwamba taarab ni ya Unguja na Mombasa peke yake hajasimuliwa yaliyotokea hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star iliyochipuka kutoka humo, ziliacha mtindo wa kundi kubwa la fidla na ganuni (chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa), zikashika gitaa la umeme na gitaa la besi, zikatia mapigo ya dansi chini ya mashairi ya Kiswahili, na watu waliozoea kukaa vitini kusikiliza wakaanza kuinuka. Sauti ya Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, ilijulikana kwanza katika klabu hizo. Haikuwa ajabu jambo hilo kutokea Tanga, kwa kuwa mkonge, reli na bandari vilikusanya watu wa kila kabila katika mji mmoja, na mitaa ile ile iliyokuwa na taarab ndiyo iliyokuwa na bendi za dansi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, hata mpigaji akawa anasikia muziki wa jirani yake kila usiku, apende asipende.

Lakini sifa hiyo haikujengwa na vipaji tu. Wazee wanatusimulia kwamba klabu ndiyo iliyokuwa shule: vyombo vilikuwa mali ya klabu, na kijana asiye na uwezo wa kununua gitaa alianza kwa kubeba vyombo, akapewa cherewa (chombo cha kutikisa), akakaa nyuma ya wakubwa hadi siku aliyoaminiwa kushika nyuzi. Mlango huo ndio uliofungwa. Leo harusi nyingi zinatosheka na kinanda cha umeme na muziki uliorekodiwa, na hatumlaumu mwenye shughuli anayebana matumizi; ila kijana anayetaka kujifunza hana pa kwenda.

Wanafunzi wetu hupokezana gitaa moja. Akodion tuliyonayo mfuko wake wa upepo umechanika na kuzibwa mara kadhaa, na mwalimu anayeifundisha amepita miaka 70, naye ndiye pekee miongoni mwetu anayeimudu sawasawa. Kwa maoni yetu hili ndilo la haraka kuliko yote, hata kuliko ukumbi, kwa sababu ukumbi tutaupata mwakani, ilhali mkono wa mwalimu hatuwezi kuuahirisha. Fedha za kwanza zitakazopatikana zitanunua akodion na magitaa mawili, kisha amplifaya na spika. Kodi ya ukumbi itafuata.

Hatujaweka kiwango cha chini. Mwenye shilingi 2,000 atoe, na mwenye gitaa lililokaa juu ya kabati miaka mingi alilete pia, likiwa bovu tutalitengeneza. Tunapokea vilevile kanda na picha za zamani, tuzinakili na kumrudishia mwenyewe. Kila kitakachotolewa kitaandikwa daftarini, na mapato na matumizi yatasomwa mbele ya wachangiaji kila baada ya miezi mitatu.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya sala ya Isha, hapo hapo tunapofanyia mazoezi. Wanafunzi watapiga na kuimba wenyewe, na mchango utatolewa kwa desturi yetu ya kutunza: ubeti ukikugusa, inuka taratibu, nenda mbele na noti yako mkononi, umtunze aliyeuimba. Kitakachotunzwa usiku huo chote kitaingia katika kapu la vyombo, nao waimbaji wamekwisha kuridhia.