Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Taarifa hii huwa inaanza kwa shukrani na kuishia kwa shukrani, na hapo katikati watu huchungulia simu zao. Mwaka huu naomba nianze na mizani.

Mtakumbuka kwamba mkutano uliopita uliazimia kila anayetaka ajenge ndege ndogo ya rimoti ya aina moja: ya foamu, ya umeme, ya michezo ya angani, bawa lake mita moja kutoka ncha hadi ncha. Ramani moja, mota moja, servo (vimota vidogo vinavyogeuza vibawa) za aina moja. Azimio lilitokana na ubishi wetu wa siku nyingi, kwamba ndege ya fulani inaruka vizuri kwa sababu ya mkono wake au kwa sababu ya mfuko wake. Tukasema basi, tuuondoe mfuko tuuone mkono.

Siku ya ukaguzi tulizipima zote, kila moja na betri yake. Ramani inataka gramu 450. Iliyo nyepesi kuliko zote ilisoma 448. Iliyo nzito kuliko zote ilisoma 620, na hiyo ilikuwa ya Mwenyekiti wenu.

Ubishi wetu ulikuwa umesahau kitu cha tatu, nacho ni meza ya kujengea. Mota yetu ikiwa na propela ya inchi 10 kwa 4.7 (upana, na hatua yake kwa mzunguko mmoja) na betri ya seli tatu hula kama ampea 16 kwa volti 11, yaani takriban wati 176, na tulipoifunga kwenye mizani ilivuta karibu gramu 800. Ndege ya gramu 450 ikisimama wima na kuning'inia kwenye propela yake hutumia asilimia 56 hivi ya mvuto huo. Iliyobaki ni akiba ya kujitoa mambo yakiharibika. Ndege yangu ilihitaji zaidi ya asilimia 77 ili isimame tu pale ilipo. Kila nilipojaribu kuipandisha kutoka kwenye kuning'inia ilifikiri kwanza, na wakati inafikiri ilikuwa inashuka.

Na si kuning'inia peke yake. Kasi ndogo kabisa ambayo bawa bado linabeba hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito. Uzito ukizidi kwa asilimia 38, kama wangu ulivyozidi, kasi hiyo hupanda kwa asilimia 17. Asilimia 17 haisikiki kama kitu, mpaka uwe unatua upepo ukiwa ubavuni, wenzako wanatembea taratibu kando ya ndege zao wakizipokea karibu kwa mkono, wewe unaikimbilia yako.

Hizo gramu 170 zilitoka wapi? Nilikaa na Katibu jioni nzima tukizitafuta. Gramu 70 zilikuwa za betri: nilitia ya mAh 2200 (kipimo cha umeme inaobeba) badala ya 1300, kwa tamaa ya kukaa angani muda mrefu. (Nilikaa muda mfupi zaidi, kwa sababu zitakazotajwa.) Nyingine zilikuwa gundi. Mimi ni mtu wa kupaka gundi mpaka itoke pembeni, kisha naipangusa kwa kidole na kujisifu. Foamu haihitaji hivyo. Kinachoshika ni tabaka jembamba lililoenea sawasawa, ile inayochuruzika ni uzito wa bure. Zilizosalia zilikuwa rangi, na rangi ndiyo iliyoniadhibu kuliko vyote, kwa kuwa niliipaka mkiani. Mkia wa ndege hii uko karibu sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito, na pua ina sentimita 20 tu mbele yake. Kila gramu uliyoweka mkiani inadai gramu tatu puani ndipo ndege ikae sawa. Nilipaka nyota nyekundu kwenye usukani wa mkia, kisha nikazilipia kwa risasi ya kuvulia samaki niliyoibandika chini ya mota.

Kuhusu foamu yenyewe, wageni wamekuwa wakiuliza maswali yaleyale, kwa hiyo niliweke hapa mara moja. Tuliyotumia ni EPP, jamaa wa ile inayotiwa ndani ya bampa za magari. Ukiibonyeza inarudi, ukiiangusha inadunda. Ubaya wake ni ulegevu: bawa la EPP lisilo na ukanda wa kaboni hujisokota hewani, nawe ukipinda aileroni (vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa, vinavyoilaza ndege kulia au kushoto), badala ya ndege kuzunguka, bawa ndilo linalopinda. Depron ni kitu kingine. Ni karatasi ngumu za polistirini zilizotengenezwa kuzuia joto na baridi chini ya sakafu na nyuma ya kuta, nyepesi sana na zilizonyooka, ila zikipigwa zinavunjika kama biskuti. Supaglu ya kawaida haiidhuru EPP lakini inaila Depron mpaka inatoboka. Mwenzetu mmoja aligundua hilo akiwa ameshika bawa mkononi, na bawa likawa linapungua huku anaangalia. Gundi ya foamu ipo, chupa yake imeandikwa hivyo. Someni chupa.

Sasa nije kwenye lile ambalo wengi mmelingojea.

Baada ya majaribio hayo yote, ndege yangu ilianguka siku ya kwanza ya msimu, sekunde chache baada ya kuirusha. Maneno yamezunguka kwamba ulikuwa upepo, na mimi sikuyakanusha upesi kama inavyompasa kiongozi. Haukuwa upepo. Usiku wa kuamkia siku ile nilibadilisha servo moja ya bawa, na mpya ilikuwa inageuka kinyume cha ile ya zamani. Nikaingia kwenye rimoti kuigeuza, nikabonyeza mstari usio wake, nikageuza aileroni zote. Asubuhi uwanjani nilifanya ukaguzi: nikachezesha stiki, nikaona vibawa vinacheza, nikaridhika. Nilikagua kwamba vinacheza, sikukagua vinaelekea wapi. Ndege ilipoondoka mkononi ililalia kushoto kidogo, kama zinavyofanya zote kwa msokoto wa propela. Nikasukuma stiki kulia. Ikalala zaidi. Nikasukuma zaidi. Kila nilivyoisahihisha ndivyo ilivyozidi, na mkono haukunipa nafasi ya kufikiri, kwa kuwa mkono uliofunzwa hufanya kazi yake kabla ya kichwa.

Kamati imepitisha, nami nimekuwa wa kwanza kutia saini, kwamba kabla ya kuruka mwanachama asimame nyuma ya ndege yake, asukume stiki kulia na aseme kwa sauti: “Kulia juu.” Aileroni ya bawa la kulia ipande, ya kushoto ishuke. Avute stiki kwake, eleveta (kibawa cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) ipande. Mwenzake asikie. Wapo walioona aibu kusema peke yao uwanjani kama waganga wakinuiza. Aibu hiyo ni nyepesi kuliko ile niliyoibeba mimi nikitembea hadi kule kwenye majani na mfuko wa plastiki.

Jambo la betri si la mzaha. Mnamo katikati ya mwaka betri iliyopata kipigo katika anguko ilirudishwa sandukuni pamoja na nzima, imevimba kidogo tu, na siku iliyofuata ikachajiwa. Ilianza kutoa moshi juu ya meza ya mbao. Aliyekuwapo alikuwa na akili ya kuisukumia nje kwa ufagio, na hatukupoteza kitu isipokuwa ufagio. Betri hizi za lithiamu hazisamehe. Seli ikijaa ni volti 4.2, haipitishwi hapo. Ikishuka chini ya volti 3.3 imeanza kuumia, na ikipita chini ya 3.0 haitakuwa tena ile uliyoinunua. Ukiihifadhi kwa wiki kadhaa iache kwenye volti 3.8 kila seli; msiziweke zimejaa kwa kuwa “huenda Jumapili tutaruka.” Betri ya mAh 1300 ichajiwe kwa ampea 1.3, na anayechaji awe hapo anaiona. Kuanzia sasa chaja zinakaa kwenye sakafu ya zege, mbali na mbao, na ndoo ya mchanga iko kando. Iliyovimba haijadiliwi. Saa ya rimoti iwekwe dakika sita, na ikilia utue. Tukitumia asilimia 80 ya betri tukaacha 20, zitatutumikia misimu.

Tena, kwa ufupi: propela inaondolewa ndege ikiwa mezani. Mota ya umeme haitoi taarifa kabla ya kuanza kama zile za mafuta zilivyokuwa zikikohoa. Ukiunganisha betri, ichukulie kwamba imeshawaka.

Siku yetu ya mashindano ya ndani ilikwenda vizuri, ingawa upepo ulikuwa zaidi ya tulivyotaka kwa ndege za foamu. Tulipanga maumbo matano: duara la wima, kujiviringisha polepole, kuruka chali uwanja mzima, kupanda wima na kugeuka kwa usukani ndege ikikaribia kusimama, na kuruka ubavu. Hili la mwisho ndilo lililotenganisha watu. Ndege ikilala ubavu, bawa halibebi tena. Kinachobeba ni ubavu wa kiwiliwili na usukani, nazo ndege nyingi huanza kuvutwa kuelekea tumboni na kujiviringisha zenyewe. Waliokaa nyumbani wakaunganisha usukani na eleveta kwenye rimoti ili kimoja kisahihishe kingine, kidogokidogo, ruko baada ya ruko, waliruka uwanja mzima kana kwamba wamefungwa kwenye uzi. Aliyeshinda ndiye mwenye ile ya gramu 448, kijana ambaye mwaka jana alikuwa bado anagongesha ndege za kompyuta kwenye simuleta. Simuleta ile aliichezea hadi stiki zikalegea. Naomba wakubwa tusione haya kuitumia. Kujifunza kuruka chali, ambapo eleveta lazima isukumwe ili pua ipande, ni bora kufanyike pale ambapo anguko linafutwa kwa kitufe.

Mzozo wa vibawa vipinde kiasi gani haukuisha na sidhani utaisha. Wapo wanaotaka vibawa vipinde nyuzi 45 muda wote. Ndege zetu zinaweza, na kwa kuning'inia zinahitaji. Ila kwa duara zuri nyuzi 12 hadi 15 zinatosha, na swichi ya kubadilisha ipo kwenye kila rimoti tuliyo nayo. Maoni yangu binafsi, si ya kamati: anayeruka nyuzi 45 muda wote anawafurahisha watazamaji na kuwaudhi majaji.

Katika kusafisha stoo tulikuta ule ubao wa zamani wa vibanio vya masafa. Vijana waliuliza ni wa nini. Zamani za rimoti za megahezi 35 na 72, wawili wakiwasha kwenye masafa mamoja ndege ya mmoja ilikuwa imekwisha, kwa hiyo hukuwasha rimoti mpaka kibanio cha masafa yako kiwe shatini mwako. Zilipokuja za gigahezi 2.4, zinazojitafutia nafasi zenyewe, ubao ukastaafu. Kamati inapendekeza usitupwe. Kwa sasa unatundikiwa kofia.

Na kwa kuwa tumegusa ya kale: ruko la kwanza la ndege ya rimoti yenye mota ya umeme lililowekwa rasmi kwenye kumbukumbu lilifanyika Uingereza tarehe 30 Juni 1957, ndege ikiitwa Radio Queen, rubani Kanali H. J. Taplin. Kuhusu duara, la kwanza kabisa lilichorwa mwaka 1913 huko Kiev na Pyotr Nesterov, ndani ya ndege ya kweli, naye akawekwa kizuizini kwa kuhatarisha mali ya serikali. Baadaye walimpandisha cheo. Hapa kwetu mwanachama huhatarisha mali yake mwenyewe, na cheo pekee kilichopo ni hiki cha kwangu, ambacho muda wake umekwisha leo.

Mengine ni mafupi. Uwanja tunao, na majirani hawajalalamika tangu tuache za mafuta. Nyasi zinakatwa kwa zamu, na waliokwepa zamu wanajijua. Hesabu atazisoma Mhazini.

Mapendekezo ya kamati ni mawili. La kwanza, tujenge tena ndege ileile, kwa ramani ileile, na kila mmoja apime sehemu zake kabla na baada ya gundi, aandike. La pili, mizani ndogo ya chama, ile inayosoma nusu gramu, ikae uwanjani badala ya nyumbani kwa mtu. Mimi nimeshaanza yangu. Kiwiliwili na mkia vimeungana, bila nyota, na hadi jana usiku viko gramu 11 chini ya pale vilipokuwa vile vya kwanza.

Karatasi za kura anazo Katibu. Namkaribisha Mhazini.