Kabula, usituletee bango jingine

Kayenze, Jumapili usiku

Kabula mwenzangu,

Mwangaluka! Najua utaisoma hii asubuhi kwenye foleni ya Mwenge, umebanwa dirishani, kwa hiyo salamu nazifupisha. Huku hatujambo. Mama na magoti yake, Sospeter kamaliza mtihani na sasa kazi yake ni kulala, mbuzi mweusi kazaa mapacha. Kimya changu tangu Pasaka nakijua, usinikumbushe. Sababu yake utakutana nayo humu humu, ni aibu tu.

Ule ujumbe wako wa sauti wa Jumanne nimeusikiliza mara nne. Umesema mabosi wako wana fedha za hisani za kilimo na chakula endelevu, ukanda wa Ziwa Victoria umo kwenye orodha yao, na unataka nikwambie kama mkulima, si kama mtu anayeomba, ziwekwe wapi. Halafu ukacheka ukasema "dakika tano tu, Nyanjige". Dakika tano! Hilo swali nimepalilia nalo, nimelala nalo, Ijumaa nimesonga nalo ugali mpaka ukaungua.

Unalikumbuka lile bango la mradi wetu wa pampu, la barabarani, lenye nembo tatu? Ulilipiga picha ulipokuja kwenye msiba wa Mzee Lushinge. Sasa ni paa la banda la mbuzi. Bati zuri sana, halivuji hata tone. Katika mradi mzima ndicho kitu pekee kinachofanya kazi hadi leo.

Hili sikuwahi kukueleza sawasawa. Mwaka wa kwanza wa ile pampu ya sola, nisiseme uongo, tulicheka. Nyanya, vitunguu, chainizi kiangazi chote, wachuuzi wanatufuata shambani na matenga yao. Mwezi wa 22 wa mradi kile kidude kinachopokea umeme wa sola kikaungua. Fundi wa Nyakato akataka laki nne na themanini. Kwenye akaunti ya mradi kulikuwa na milioni moja na laki tisa, lakini zilikuwa za semina. Nikaandika barua kuomba tuhamishe fungu. Tukajibiwa haiwezekani, kila fungu lina kazi yake, na zisipotumika hadi tarehe 30 zinarudi kwa mfadhili.

Basi tukafanya semina. Watu 25, hoteli ya mjini, siku mbili. Mada: utunzaji endelevu wa miundombinu ya umwagiliaji. Nyanya zinanyauka Kayenze, sisi tuko ukumbini na kalamu nene tunachora pampu kwenye makaratasi makubwa ya ukutani. Nilikula kuku, Kabula. Nikapokea na posho, nikasaini.

Halafu ile taarifa ya mwisho. Fomu ilitaka wanufaika 300. Kikundi chetu kina watu 26. Tukahesabu watoto, wakwe, hata mpangaji wa Mama Ester ambaye hajawahi kushika jembe, tukafika 312. Mweka hazina aliyeandika ile 312 ni mimi. Wiki ile ulinipigia mara mbili, sikupokea. Ningekwambia nini?

Sisemi wale wafadhili walikuwa watu wabaya. Binti aliyekuwa akija alikuwa na adabu zake, alikaa na mama jikoni akala michembe na karanga akaomba na ya kubeba. Yeye mwenyewe alijua ile semina ni kichekesho. Mikono yake ilifungwa na karatasi kama yangu ilivyofungwa. Nani aliyeifunga ya kwake sijui, labda wewe sasa unakaa jirani naye.

Kwa hiyo ukiniuliza fedha ziwekwe wapi, nawaza kwanza zije zimefungwa vipi. Laki tano zinazoweza kutengeneza kinachoharibika wiki hii zina faida kwangu kuliko milioni kumi zenye mafungu ya chuma. Na risiti! Mwambie bosi wako bodaboda hana mashine ya EFD. Mama anayeniuzia mbolea ya kuku hana EFD. Kila miezi mitatu nilikuwa napoteza siku nne nzima nikikimbizana na risiti za shilingi elfu mbili, msimu wa kupalilia, magugu yananicheka.

Sasa nikupe kitu ambacho nimekifikiria kuliko vyote, na ukikisikia utaona ni kidogo: pingili za mihogo.

Shamba langu la kule juu majani yanapendeza, yamestawi. Ukichimba ukakata, ndani ni kahawia, kumekauka kama kizibo. Ni ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ndugu yake batobato. Ukiriguru pale Misungwi, safari ya asubuhi moja tu, kuna watafiti na aina zinazovumilia. Kwa nini basi hazijafika kwangu? Nimekaa nikapiga hesabu. Ekari moja ukipanda mita kwa mita inataka pingili 4,000 hivi. Mche mmoja ukishakaa mwaka mzima unakupa kama kumi. Punje moja ya mahindi inakupa mamia! Tena pingili ni mzigo wa lori, huwezi kuzipanga dukani kama pakiti za mbegu, zikikaa wiki chache zinakauka. Na mteja ukimuuzia mara moja harudi tena, mwakani atakata za kwake na nyingine ampe shemeji.

Mfanyabiashara gani atahangaika na bidhaa ya namna hiyo? Mimi ningekuwa na duka nisingehangaika. Lakini kinachomkimbiza yeye, kwamba mtu hanunui tena na anawagawia wenzake bure, ndicho hasa tunachokihitaji sisi. Hapo ndipo nilipoona fedha za sadaka zina kazi yake. Mahindi chotara yana matajiri wa kuyauza, pampu zina maduka, mihogo safi haina mwenyewe. Sheria inaturuhusu wakulima kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ilimradi shamba likaguliwe. Mlipeni mtu mmoja au wawili hapa kijijini watunze shamba mama, wang'oe kila mche unaougua, walete wakaguzi, wagawe pingili kila msimu. Miaka mitano. Najua, haipigiki picha. Ni mihogo imesimama.

Miaka mitano nimeitaja nikijua utakunja uso. Mabosi wako wanapenda miwili, mitatu wakiwa na furaha. Lakini tazama hapo jirani. Mjomba wangu wa Shinyanga, yule mwenye kipara, alikuwa akitusimulia habari za HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mpaka tunasinzia. Ilianza 1986 ikaenda hadi 2004, Wanorwe wakiifadhili. Kule kulikuwa kumekwangika, vumbi tupu, na walipoanza na miche ya bustanini haikuwakolea sana watu. Kilichoshika ni ngitili, yaani wazee walichokuwa wakifanya wenyewe tangu zamani: unatenga eneo, ng'ombe hawaingii mvua zote, kiangazi unafungua wale. Miti ikarudi yenyewe kutoka kwenye visiki. Vijiji zaidi ya 800, mamia ya maelfu ya hekta. Miaka 18, Kabula. Ingekuwa mradi wa miaka miwili wangefunga ofisi wakati visiki ndiyo vinaanza kuchipua, wakaandika kwamba Wasukuma hawapokei mabadiliko.

Na ng'ambo kule Kenya, Mbita, mwambao wa ziwa hili hili, wana kitu wanakiita vuta-sukuma. (Nilipokisikia mara ya kwanza nilidhani wanatusema.) Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake inamfukuza nondo anayezaa funza wa mabua na mizizi yake inakizuia kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi. Pembeni unazungushia majani ya tembo yamvute nondo huko akatage, na majani yenyewe ni chakula cha ng'ombe. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha huko Kenya, walianza kulihangaikia jambo hilo miaka ya 1990 na wale wa kituo cha kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, na mfuko wa hisani wa Gatsby ukawa nao tangu mwanzo, kabla hata hawajajua jibu ni nini. Fedha za serikali zinaogopa kulipia jambo lisilo na jibu, kuna wabunge wa kuulizwa. Benki ndiyo usiseme. Mtu mwenye fedha za hisani haulizwi na mpiga kura wala mwenye hisa, sasa akiogopa na yeye...

Ila fedha za muda mrefu nazo zina ugonjwa wake, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Unakumbuka kile kikundi cha kina Masalu? Kilifadhiliwa mpaka mwenyekiti akawa mtemi. Fedha zilipokata, hata hisa za elfu mbili za kila wiki walikuwa wameshaacha kuweka, za nini wakati kuna mzungu. Sisi hisa hatukuacha, na nadhani ndiyo maana bado tupo. Kwa hiyo miaka mitano ndiyo, lakini mtukute na chetu mezani, na msitulipe posho ya kuja kwenye kikao chetu wenyewe. Hapo wenzangu wakinisikia watanipiga.

Nilitaka pia kukuandikia habari za mpunga, nikachelewa. Kwa ufupi: tunauza mwezi wa sita kwa bei ya kutupa sababu ya ada na madeni, Januari tunanunua mchele ule ule kwa machozi. Hapo hatuhitaji zawadi. Tunahitaji mtu wa kusimama dhamana benki ili tukopeshwe mzigo ukiwa ghalani. Fedha zenu zinaweza kukaa tu pale bila kuliwa. Na dada zetu wa dagaa mwaloni: dagaa aliyeanikwa kichanjani analiwa na watu, wa mchangani anaishia kwenye chakula cha kuku, na bei zinatofautiana hivyo hivyo. Vichanja vilishaletwa mara moja. Nyavu zikaoza. Wa kununua nyavu mpya? Unaona, narudi pale pale kwenye pampu.

Na jambo moja mabosi wako wasijidanganye. Mwaka 2003 kule Maputo wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti zao iende kwenye kilimo, 2014 Malabo wakaahidi tena. Mfuko wenu wote ni kijiko ukilinganisha na hilo pipa. Siku nyingine nawaza nauli ya wakulima kumi kwenda kukaa kwenye baraza la madiwani bajeti ikisomwa, na mtu wa kuwafundisha kuisoma, ingetufaa kuliko pampu tatu. Lakini hiyo nayo utaiandikaje kwenye fomu, "wakulima waliuliza maswali"?

Mshumaa unaisha, umeme umekatika tangu saa mbili.

Sasa unijibu na wewe. Hizo fedha zenu zimeshapangwa mafungu au bado kuna nafasi ya kusema? Fungu la matengenezo lipo? Nani anaamua, ninyi hapo Dar au kuna mtu juu yenu huko nje? Kuna mkulima hata mmoja kwenye hiyo meza, au ni wewe tu na kumbukumbu zako za kupalilia pamba kwa bibi? Nikiwapa hesabu za kweli, watu 26, mtatukubali au mtaenda kwa wenye 312? Unaweza kuja kabla ya mvua ukae siku tatu bila gari la ofisi? Utalala kwangu, kitanda cha Sospeter kipo, yeye analala popote. Na lile gauni la kitenge utanirudishia lini?

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Wenzangu hawajui kama umenitumia ujumbe. Mwenyekiti akisikia tu neno mfadhili, kesho yake atakuwa ameshaandika andiko la pampu mpya, na mimi nimekuandikia usilete. Nina haki gani ya kuwasemea? Mama Ester ana watoto sita na zile nyanya ndizo zilizomlipia bima. Kikao chetu ni Alhamisi saa kumi. Nipigie Jumatano usiku, safari hii nitapokea, uniambie niwasomee barua hii kama ilivyo au niondoe ile sehemu ya kuku.

Wako,
Nyanjige