Mikataba ya marubani wapya itaje tarehe ya mafunzo

Mhariri,

Binti yangu, aliyepata leseni ya urubani wa biashara, ameitwa kazini na kampuni mbili kwa wakati mmoja: moja inarusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, nyingine ina ATR 72, ndege kubwa zaidi ya abiria. Wengi wanamhimiza achague ATR, nami siwalaumu, kwani humo atazoea injini mbili na kazi ya marubani wawili. Lakini mkataba wa kampuni hiyo ya ATR unamfunga miaka mitano kufidia gharama za mafunzo ya simuleta (mashine inayoiga urukaji wa ndege) nje ya nchi, bila kutaja ataanza lini mafunzo hayo. Wakati huo wa kusubiri, kwenye Caravan angetua mara kadhaa kwa siku, akijaza kitabu chake cha saa za kuruka kuelekea saa 1,500 za leseni ya juu ya urubani. Naziomba kampuni ziandike tarehe ya kuanza mafunzo kabla kijana hajatia saini.

Mzazi,
Dar es Salaam