Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Sheria za Upimaji wa Moshi na Magari Yetu ya Kale

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita niliahidi kwamba taarifa ya mwaka huu ingegawa nafasi sawa kati ya misafara, maonyesho na fedha za chama. Ahadi hiyo nimeshindwa kuitimiza, kwa sababu sehemu kubwa ya barua zilizomfikia katibu zilihusu jambo moja tu, nalo ni upimaji wa moshi. Hesabu atazisoma mweka hazina, misafara mliishiriki wenyewe, nami nitautumia muda wangu wote kwa jambo hilo.

Nianze na ukweli ambao baadhi yetu hatupendi kuusikia. Gari lenye kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa) na lisilo na katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba) hutoa kaboni monoksidi na haidrokaboni, yaani petroli isiyoungua, nyingi zaidi kwa kila kilomita kuliko gari la leo. Kabureta hukisia tu, ilhali injini ya kisasa hupima oksijeni iliyobaki kwenye bomba la moshi na kujirekebisha papo hapo, ili mchanganyiko ubaki karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzani, kwa kuwa katalitiki haisafishi gesi zote ipasavyo nje ya kiwango hicho. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba magari yetu ni safi. Tunachoweza kudai kwa haki ni kwamba ni machache, hayatembei sana, na yapimwe kwa vipimo vya zama yalipoundwa. Mwanachama anayesimama mbele ya wabunge na kuapa kwamba gari lake la 1968 halichafui hewa anatuvunjia heshima sote.

Wanachama wetu wanaishi chini ya sheria tofauti, na tofauti kubwa kuliko zote ni namna sheria inavyouhesabu umri wa gari. Ziko nchi zinazoweka umri unaosogea, yaani kila mwaka magari mengine hufikisha umri huo na kusamehewa. Ujerumani ilianzisha namba za usajili zenye herufi H mwaka 1997 kwa magari yaliyotimiza miaka 30, na mwenye namba hizo huingia katika maeneo ya miji yaliyotengwa kwa ajili ya hewa safi bila kuhitaji stika ya mazingira. Lakini kabla ya kuzipata, mtaalamu hulikagua gari na kuthibitisha kwamba limetunzwa katika hali yake ya asili. Uingereza imechagua miaka 40: tangu Mei 2018 gari lililofikisha umri huo, na ambalo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, limeondolewa katika ukaguzi wa kila mwaka, na lililosajiliwa katika daraja la magari ya kihistoria halitozwi pauni 12.50 kwa siku katika eneo la London la kudhibiti moshi, eneo ambalo tangu Agosti 2023 limeenea mitaa yote ya jiji hilo.

Jimbo la California, Marekani, limeshika njia nyingine. Huko nako umri ulikuwa unasogea, miaka 30, mpaka sheria iliyopitishwa mwaka 2004 ilipousimamisha. Gari la mwaka 1975 limesamehewa. La mwaka 1976 litapimwa maisha yake yote, hata likifikisha karne. Mswada SB 712, ulioungwa mkono na Jay Leno, mtangazaji wa televisheni na mkusanyaji wa magari, na kupewa jina lake, ulikusudia kuyaondoa katika upimaji magari ya miaka 35 na zaidi yenye bima ya ukusanyaji, yaani bima maalumu ya magari ya kale yanayohifadhiwa na wakusanyaji. Uliishia mwezi Agosti 2025 katika kamati ya fedha ya baraza la chini la bunge la jimbo. Wengi wenu mliniandikia kwa uchungu, na uchungu huo nauelewa, ila nadhani tuliweka matumaini yetu mahali pasipofaa.

Nasema hivyo kwa sababu mwenye gari la mwaka 1983 mara nyingi hashindwi na moshi wenyewe. Hushindwa na vifaa. Mkaguzi wa California hufungua boneti na kutafuta kila kifaa cha kudhibiti moshi kilichowekwa kiwandani: pampu ya hewa, vali ya kurudisha moshi ndani ya injini, mipira ya vakyumu, na kila spea isiyo ya asili lazima iwe na idhini ya mamlaka ya hewa ya jimbo. Viwanda viliacha kutengeneza vingi vya vifaa hivyo zamani, na katalitiki yenye idhini kwa injini iliyouzwa kwa miaka miwili tu huenda haina mtu anayeitengeneza. Gari laweza kutoa moshi ulio chini kabisa ya kiwango, likaanguka kwa kukosa mpira mmoja. Vituo navyo vinazidi kuadimika, kwa sababu tangu 2015 magari ya mwaka 2000 na baadaye hupimwa kwa kuunganishwa na kompyuta yake, na mwenye kituo haoni faida ya kuendelea kuitunza mashine ya zamani yenye magurudumu ya kukimbizia gari.

Ndani ya sheria hiyohiyo, hata hivyo, kuna kifungu ambacho naona ndicho bora kuliko vyote nilivyovisoma. Gari lililofikisha miaka 35 na kukatiwa bima ya ukusanyaji husamehewa ukaguzi wa vifaa kwa macho, mradi lifaulu kipimo cha bomba la moshi na mfuniko wa tangi la petroli usiwe unavujisha mvuke. Hapo sheria inauliza kinachotoka, haihesabu vipande. Uingereza nayo, kwa magari ya petroli ambayo bado yanakaguliwa, ina busara kama hiyo: lililoanza kutumika kati ya Agosti 1975 na Julai 1986 linaruhusiwa kaboni monoksidi asilimia 4.5, na la baada yake hadi Julai 1992 asilimia 3.5. Kabureta iliyorekebishwa vizuri hufikia viwango hivyo bila taabu, mradi kichujio cha hewa kiwe safi, plagi na taimingi ziwe sawa, na injini ipate moto kamili kabla ya kupimwa. Gari linalofika kituoni likiwa bado la baridi huweza kuanguka.

Lipo pia jambo la aibu, nami silifichi. Tumepokea malalamiko kwamba baadhi ya wenye msamaha huyatumia magari hayo kwa biashara na kwa kwenda kazini kila siku. Tafsiri ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, inataka gari liwe na miaka 30, litunzwe katika hali sahihi ya kihistoria na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Wenzetu hao huisoma sehemu ya kwanza na kuisahau ya mwisho, na kila mbunge anayetupinga huanzia hapo.

Kamati yenu inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, chama kiache kuomba msamaha kamili na badala yake kiombe kipimo cha bomba la moshi kwa viwango vya mwaka wa gari, kwa umri unaosogea, bila ukaguzi wa vifaa. La pili, kila mwanachama aandike usomaji wa odomita, yaani kipimo cha kilomita zilizotembewa, mara moja kwa mwaka na kuukabidhi kwa katibu, ili tunaposema hatutembei sana tuwe na daftari la kuonyesha. Wajumbe wawili wa kamati hawakukubaliana na pendekezo la kwanza, na watapewa nafasi ya kueleza sababu zao kabla ya kura.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti