Barua ya wazi kwa vijana wanaomtaka mbunge wao awe mgombea urais

Wanangu wa Magomeni, Manzese na Mwananyamala, mliochapisha fulana zenye picha ya mbunge mnayempenda na mwaka 2030 mgongoni,

Nawaandikia nikiwa nimeudhika, na ni vizuri mlijue hilo mapema. Mlinibana kijiweni mpaka kahawa ikapoa, mkitaka nikubali kwamba mtu aliyeingia bungeni juzi anaweza kupitishwa na chama kugombea urais. Nikakubali. Anaweza. Kisha nikawauliza: anapitishwa na nani? Mmoja akasema wananchi, mwingine akasema mitandao. Nikawaomba mnitajie wajumbe wa mkutano mkuu wa chama chenu wanaotoka wilaya hii. Mkaangaliana. Hamkuwa na jina hata moja.

Kila mkibanwa mnamtaja Obama, kwamba alitokea hewani akambwaga Hillary Clinton kwenye uteuzi wa chama chao. Nani kawadanganya? Alifika Chicago mwaka 1985 kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa ya kimaskini ya kusini mwa jiji. Mwaka 1997 akaingia Seneti ya jimbo la Illinois. Mwaka 2000 akajaribu kumng'oa mbunge mkongwe, Bobby Rush, kwenye kura za ndani za chama, akagaragazwa karibu kura mbili kwa moja. Akarudi akajipanga upya. Hotuba ya Boston mnayoirusha kila siku kwenye simu zenu ni ya Julai 2004. Aliapishwa kuwa Seneta wa Marekani Januari 2005, na Februari 2007 akatangaza nia. Kwa siasa za kitaifa alikuwa mchanga kweli, miaka miwili tu. Hapo mko sahihi.

Lakini angalieni alivyoshinda, maana hapo ndipo mnapopaacha. Jimbo la Iowa, Januari 3, 2008, watu wanakusanyika usiku wa baridi kwenye mashule na kumbi, wanasimama kwa makundi nyuma ya mgombea wao, na kundi lisilofikisha kiwango linavunjika na watu wake wanagombaniwa na makundi mengine. Huwezi kushinda mkutano wa namna hiyo kwa kupendwa tu. Lazima uwe na mtu wako ndani ya kila ukumbi, anayewajua majirani zake kwa majina na anayejua nani atahama akibanwa. Obama alikuwa nao. Mwezi uliofuata, Februari 5, majimbo zaidi ya 20 yalipiga kura siku moja. Clinton alishinda New Jersey, jimbo kubwa, akapata wajumbe 59 kwa 48 wa mkutano wa kumteua mgombea. Obama akashinda Idaho, jimbo dogo ambalo chama chake hakilitegemei hata kidogo kwenye uchaguzi mkuu, akapata wajumbe 15 kwa 3. Fanyeni hesabu. New Jersey yote ilimpa Clinton ziada ya 11, na Idaho ikampa Obama ziada ya 12. Watu wa Obama walikwenda Idaho mapema wakafungua ofisi, kwa sababu walisoma kanuni za chama chao na kuona kwamba wajumbe wanagawanywa kwa uwiano wa kura. Mama wa watu, mwenye jina na uzoefu, akakiri kushindwa Juni 7.

Ndiyo maana nasema uteuzi ni uchaguzi mwingine kabisa, una wapiga kura wake. Kwetu ni hivyohivyo, na milango yake ni myembamba zaidi. Mwaka 2015 makada 42 walichukua fomu ndani ya CCM. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, mkutano mkuu wa Dodoma ukampa Magufuli. Edward Lowassa, aliyekuwa na umati kuliko wote, jina lake halikufika hata kwenye watano. La January Makamba, mbunge wa muhula mmoja, lilifika. Mnaona? Uchanga haukumzuia kijana, na umati haukumwokoa mkongwe.

Na Dodoma ya 1995 naomba mjifunze kwa makini. Jakaya Kikwete alikuwa na miaka 44, akaongoza duru ya kwanza ya kura za mkutano mkuu wa CCM mbele ya Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Hakufikisha nusu. Msuya akatoka, kura zikahama, duru ya pili Mkapa akachukua. Yaani haitoshi kuwa chaguo la kwanza la wanaokupenda, lazima wanaompenda mwenzako wasikuogope. Ninyi mnawatukana wapambe wa watia nia wengine usiku kucha kwenye makundi ya WhatsApp. Hao mnaowatukana ndio mtakaowahitaji duru ya pili! Nani atawapa kura yake baada ya kumwita mama yake majina yale? Nimeyasoma, na nimeona aibu kwa niaba yenu, maana wengine wenu nimewabeba mkiwa wachanga.

Kikwete naye hakususa. Alikaa Wizara ya Mambo ya Nje miaka kumi, akarudi 2005 akapita.

Jingine mmelisahau kabisa. Katiba ya nchi, ibara ya 39, inataka mgombea urais awe na miaka 40. Mpendwa wenu ana 33. Fulana zimeandikwa 2030. Hakuna aliyefungua Katiba kabla ya kwenda kwa mchapaji?

Mengine nayataja tu. Lipeni ada za chama. Hudhurieni vikao vya shina hata kama ni wazee watupu. Someni kanuni za uteuzi, zote. Msikope fedha kwa ajili ya mtu.

Na wazee wenzangu wasidhani wamesalimika. Ni sisi tuliowafundisha vijana kwamba mjumbe anafikika kwa bahasha. Kijana mwenye akili na asiye na fedha anaingia kwenye kura za maoni, anaulizwa ameacha nini mezani. Halafu tunalalamika kwamba hakuna damu mpya. Nje ya chama hakuna njia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Juni 2013, pale Arusha, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki, na mpaka sasa mgombea binafsi hana nafasi. Basi kama mlango ni mmoja tu, aliyeukalia ana dhambi kubwa akiuuza.

Wanangu, simchukii kijana wenu. Nimemsikiliza, ana kichwa na ana huruma. Mwambieni aombe kazi ngumu isiyo na kamera: akae Kamati ya Hesabu za Serikali, aisome ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ukurasa kwa ukurasa, aende Mtwara, Kigoma na Pemba akakae na makatibu wa wilaya wasiomjua. Na ninyi anzeni hapa mkoani, wilaya tano: Kinondoni, Ilala, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mjumbe mmoja mmoja, jina lake, anakokaa, anachokililia. Daftari mtanunua wenyewe. Mkikwama Magomeni, mlango wangu mnaujua, na baadhi ya hao wajumbe nilisoma nao.

Mzee wenu,
Magomeni, Dar es Salaam