Kisia kabla hujapasua

Shangani, Mtwara

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Nachingwea. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama umeshapata chumba chenye maji karibu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Furaha ya kazi ya ghala la korosho nimeiona, na ile sehemu ya mwisho nimeiona pia: kwamba unaandika kila unachoelekezwa, usiku unalisoma daftari mpaka macho yanauma, na asubuhi mkuu wa ghala akikuuliza, yote yameyeyuka. Unajiuliza kama kweli kichwa chako ni cha kazi hii.

Kichwa chako ni kizima, somo. Badilisha namna ya kusoma tu. Ukiyarudia maandishi yale yale, macho yanayazoea, na mazoea hayo unayadhania ndiyo kujua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakavisoma tena na tena, wengine wakaviweka kando na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka, wakaongoza wale waliojilazimisha kukumbuka. Na sisi ghalani nani anatuuliza baada ya dakika 5? Tunaulizwa siku mzigo unashuka, lori limesimama mlangoni, na wakulima wamekaa kivulini wanatusubiri.

Basi jioni lifunge daftari. Chukua karatasi tupu uandike ulichojifunza mchana. Ukikwama, usikimbilie kufungua, vumilia kidogo na huko kukwama, kisha ndiyo ufungue urekebishe. Inachosha kuliko kusoma, najua, lakini jambo ulilolisotea namna hiyo haliondoki upesi.

Sasa nikuambie lililonifaa mimi kuliko yote. Sampuli ya kilo moja ikishawekwa mezani, usishike kisu kwanza. Zishike korosho zenyewe. Zitikise karibu na sikio, maana iliyokauka vizuri kiini chake hugonga ganda. Tazama rangi, pima uzito kwa kiganja. Halafu andika pembeni namba unayokisia: gunia la kilo 80 la mzigo huu litatoa paundi ngapi za kiini? Ndipo upasue. Viini vizuri viweke peke yake, vyenye madoa peke yake, vilivyooza peke yake. Vizuri unahesabu uzito wote, vya madoa nusu, vilivyooza usivihesabu kabisa. Tuseme umepata gramu 260 nzuri na gramu 30 za madoa. Hiyo ni gramu 275 kwa kila kilo, yaani kilo 22 kwa gunia, kama paundi 48 na nusu.

(Vaa glavu, tafadhali. Utawaona wenyeji wanapasua kwa mikono mitupu, usiwaige. Mafuta ya ganda yanababua ngozi vibaya.)

Ukipasua bila kukisia, namba unaiandika kwenye fomu na yamekwisha. Lakini ukiwa umekisia 51 na imetoka 48 na nusu, moyo hautulii. Utataka kujua zile mbili na nusu zimekwenda wapi. Utayarudia maganda uliyokwisha kuyatupa pembeni, utakuta yale mepesi, yaliyosinyaa, ambayo jicho liliyapita. Mzigo unaofuata jicho halitayapita tena. Kukosea kukisia hakumdhuru mtu, maana fomu inajazwa kilichopimwa, kwa hiyo kisia bila woga, kila mzigo.

Na hao wazee wa ghalani ni hazina, ila wengi wanajua kwa mikono na kueleza kunawapa tabu. Ukimwuliza mzee "umejuaje?", atakujibu "uzoefu, mwanangu", na hapo huna cha kuchukua. Mpe shikamoo yake, kisha muulize: "Babu, umeangalia nini kwanza?" Hilo atalijibu. Au mpelekee jawabu lako mkononi: "Mimi naona hii ni daraja la pili kwa sababu ya madoa haya, nimeona sawa?" Atakuonyesha pale pale fikra zako zilipopinda, tena kwa furaha, kwa sababu ameona umejihangaisha kwanza.

Naandika kwa mkazo hivi kwa sababu kazi hii si ya karatasi tu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuuacha mzigo ghalani na kupewa hati yake mpaka uuzwe, uanze huku kwetu Mtwara mwaka 2007, kinachoandikwa ghalani ndicho kinachousemea mzigo mnadani, mkulima mwenyewe akiwa mbali. Mwanamke aliyepuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, akaokota, akaanika, anastahili kupokelewa na mtu anayejua anachokitazama. Na akikuuliza kwa nini mzigo wake umeshushwa daraja, usimwambie "ndiyo utaratibu". Pasua mbele yake, mwonyeshe. Ukiweza kumweleza mpaka akaelewa, ujue na wewe umeelewa. Ukishindwa, kaandike swali lake kwenye daftari, maana hapo ndipo pa kuanzia jioni hiyo.

Msimu ukifungwa, usikae miezi yote bila kujiuliza maswali. Njoo Mtwara, twende pamoja Naliendele kwenye utafiti wa korosho, ukaone ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unavyoshambulia maua. Ukijua kilichotokea mtini, unachokiona mezani hakitakushangaza.

Unapojibu barua hii, niandikie mzigo mmoja uliokutatiza: ulikisia ngapi, ukapata ngapi, na unadhani nini kilikudanganya. Nami nitakuandikia wangu. Wasalimie wote hapo.

Ni mimi somo yako akupendaye.